Kuingia kwenye kompyuta kwa kidole badala ya nywila: usalama au uvivu tu?

Kidole_Kimoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina laptopu mpya yenye skana ya kidole juu ya kitufe cha kuwashia. Nimeshasajili kidole na, nisiwafiche, sitamani kurudi nilikotoka. Unagusa, umeingia. Shida ni jamaa zangu wawili, wote watu wa kompyuta, wameninyima raha. Mmoja anataka niizime leo leo, kwa kuwa alama zangu nimeziacha kwenye kila glasi niliyoshika, na zikiibwa sina vidole vingine vya kubadilishia. Wa pili anasema mwenzake amezidi kuangalia sinema, na kwamba skana ni afadhali mara mia kuliko nywila yangu ya herufi sita ambayo kila aliyewahi kukaa nyuma yangu ameshaikariri.

Kazi yangu ni mafaili ya wateja, vitu ambavyo vikitoka nje ni kesi. Kwa hiyo msiniambie "inategemea" halafu mkaondoka. Mwenye kujua kinachoendelea humo ndani aniambie: niache au nizime?

Mchokonozi

Zima. Ushahidi uko hadharani miaka na miaka.

Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama walitengeneza vidole bandia kwa jelatini, wakavijaribu kwenye skana za wakati ule, nyingi zikavipokea kama vya mwenyewe. Mwaka 2008 wadukuzi wa Chaos Computer Club kule Ujerumani walipata alama ya kidole ya waziri wa mambo ya ndani, Wolfgang Schäuble, kutoka kwenye glasi aliyonywea, wakaichapisha kwenye jarida lao pamoja na utando mwembamba ambao msomaji angeweza kujibandika kidoleni. Mheshimiwa alikuwa mpigia debe mkubwa wa alama za vidole kwenye pasipoti, ndiyo maana wakamchagua.

iPhone 5s ilipotoka Septemba 2013 na skana yake mpya, wiki haikuisha kundi hilo hilo likaipita. Walipiga picha ya alama iliyobaki kwenye kioo, wakaisafisha, wakaigeuza, wakaichapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya plastiki wakiwa wameongeza wino ili mistari inyanyuke, wakapaka gundi ya mbao juu yake. Gundi ilipokauka wakaibandua, wakaipumulia kidogo ipate unyevu, wakaiweka kwenye skana. Simu ikafunguka. Gundi ya mbao, wakuu!

Halafu mwaka 2014 Jan Krissler, wa kundi hilo hilo, akaonyesha kwamba hata glasi si lazima. Aliijenga alama ya kidole gumba ya Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi, kutokana na picha zilizopigwa kwa kamera ya kawaida.

Nywila ikivuja naibadilisha dakika hiyo hiyo. Waulizeni wafanyakazi wa serikali ya Marekani ambao alama zao milioni 5.6 ziliibwa kwenye ofisi ya utumishi, ikatangazwa mwaka 2015. Wao wamebadilisha nini?

Pweza_Mchoyo

Binadamu ana vidole kumi mkuu, akiibiwa kimoja anabaki na nafasi tisa 😂

Mchokonozi

Na vya miguu je, vya akiba?

BintiSeva

Mchokonozi, hayo yote ni kweli, ila umeyamwaga kwenye kapu moja na hayafanani.

Alama za wale wafanyakazi wa Marekani zilikuwa zimehifadhiwa kwenye hifadhidata ya serikali. Aliyeingia kwenye seva aliondoka nazo zote kwa mkupuo. Skana ya laptopu haifanyi kazi hivyo. Kwenye Windows Hello, yaani mfumo wa Windows wa kuingia kwa kidole, na kwenye Mac, picha ya kidole haiendi kwenye seva ya mtu yeyote. Kinachohifadhiwa ni kielelezo cha hesabu: mstari huu unaishia wapi, huu unagawanyika wapi, umbali gani kati yao. Nacho kinabaki ndani ya mashine, na kwenye skana nzuri kinabaki ndani ya chipu ya skana yenyewe, ambayo inalinganisha na kutoa jibu tu: ndiye, siye.

Kwa hiyo mtu wa kukuingilia kwa kidole lazima awe na vitu viwili mkononi: alama yako iliyo safi na laptopu yako. Mdukuzi aliyeketi bara lingine hana hata kimoja, na huyo ndiye anayewaumiza watu wengi kuliko wote. Atakutumia barua pepe ya kitapeli uandike nywila yako kwenye ukurasa bandia. Kidole hakiandikwi kwenye ukurasa bandia.

Kuhusu kukosea, Microsoft inataka skana za Windows Hello zimkubali mtu asiyehusika kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.002. Apple inasema uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kufungua chako ni 1 kati ya 50,000. Ukipiga hesabu ni kitu kilekile. PIN ya tarakimu nne ni 1 kati ya 10,000, na hapo tumechukulia hujaweka mwaka wako wa kuzaliwa. Ila elewa kwamba takwimu hizo ni za mtu aliyejigusisha kwa bahati. Aliyekuja na gundi ya Mchokonozi hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa jambo ambalo mtoa mada hajaliuliza, na ndilo kubwa. Kidole hakiondoi nywila, kinaisogeza nyuma tu. Windows haikuruhusu kusajili kidole mpaka uwe na PIN. Mwizi mwenye akili hahangaiki na skana, anabofya "njia nyingine za kuingia" na kukutana na PIN yako. Kama ni 1234, haya mabishano yote ya jelatini ni ya nini?

Ngozi_Kavu

Nyie mnabishana kuhusu wadukuzi wa Ujerumani, wengine shida yetu ni kuingia kwenye mashine zetu wenyewe.

Mimi ni muuguzi. Nanawa mikono na kupaka spiriti kutwa nzima, ngozi ya vidole imekauka mpaka imepasuka. Asubuhi skana inanitambua, jioni inaniuliza mimi nani. Mume wangu ni fundi mwashi, yeye hata kusajili ilikataa, saruji imekula mistari yote. Inaandika "gusa tena, gusa tena" mpaka mtu anakasirika.

Tena kuna wagonjwa wanaotumia dawa ya saratani iitwayo capecitabine. Moja ya madhara yake ni kuchubuka viganja, na alama za vidole zinaweza kufifia kabisa. Wazee nao ngozi inalainika. Hao mnawaweka wapi?

BintiSeva

Dada Ngozi_Kavu, hilo ndilo linaloniletea watu mezani kila siku, kuliko udukuzi. Yanayosaidia kidogo: sajili kidole kile kile mara mbili, kimoja asubuhi na kingine jioni ngozi ikiwa imechoka. Wakati wa kusajili usibonyeze katikati tu, zungusha ncha na pembeni, maana skana za kwenye vitufe ni ndogo na zinaona kipande tu. Jaribu pia kidole cha pete cha mkono usioutumia sana, huwa hakijachakaa. Mumeo mpe PIN ndefu, asihangaike. Kuna watu ambao skana haiwafai na hakuna la ziada la kufanya.

Na kero nyingine haisemwi: watu wanasahau nywila. Mtu kagusa kidole miezi minane, siku mfumo unadai nywila baada ya sasisho, anabaki anaitazama skrini kama mtihani wa hesabu. Siku zile za kuandika kila asubuhi, vidole vyenyewe vilikuwa vinakumbuka.

Fundi_Waya

Naingia kwa upande wa vifaa, maana hapo ndipo kuna utamu.

Mchokonozi anawaza kidole bandia. Wajuzi wa siku hizi hawagusi kidole kabisa, wanagusa waya. Novemba 2023 kampuni ya Blackwing Intelligence ilitoa matokeo ya utafiti ambao Microsoft yenyewe iliuomba. Walichukua mashine tatu: Dell Inspiron 15, Lenovo ThinkPad T14s na kibodi ya Surface Pro yenye skana. Skana zilikuwa za Goodix, Synaptics na ELAN. Zote tatu walizipita.

Ya Dell ndiyo tamu zaidi. Skana ile ilikuwa na hifadhi mbili za alama, moja ya Windows na nyingine ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Upande wa Windows ulikuwa umelindwa kwa itifaki ya SDCP, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba skana ni halali na jibu lake halijachezewa njiani. Upande wa Linux haukuwa na ulinzi huo. Jamaa wakawasha mashine kwa Linux, wakasajili kidole chao wenyewe kwa namba ya utambulisho ile ile ya mwenye laptopu. Kisha wakarudi Windows wakiwa wamepachika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 katikati ya mawasiliano ya USB. Mashine inapowaka, huiambia skana itumie hifadhi ipi, na ujumbe huo haukuwa na uthibitisho wowote. Wakaubadilisha njiani: tumia ile ya Linux. Skana ikatazama, ikakuta kidole kinalingana na namba inalingana, ikajibu "ndiye". Windows ikafunguka kwa kidole cha mgeni.

Kwenye ile kibodi ya Surface hata ujanja mwingi haukuhitajika. Mawasiliano yalikuwa wazi, bila usimbaji, na kifaa chochote cha USB kiliweza kudai kwamba chenyewe ndicho skana na kwamba mtu halali ameingia. Kwenye ThinkPad nako, SDCP ilikuwapo lakini imezimwa, badala yake kukawa na ulinzi ambao ufunguo wake ulitokana na jina la modeli na namba ya mashine. Namba ya mashine iko kwenye stika chini ya laptopu!

Kwa hiyo itifaki nzuri ilikuwapo, ila mashine mbili kati ya tatu hawakuiwasha. Ndiyo maana nikiulizwa kama skana ni salama huwa nauliza: skana ya nani, na imefungwaje?

Mchokonozi

Fundi umenimalizia kazi. Tena programu za zamani zilikuwa aibu zaidi. Mwaka 2012 iligundulika kwamba programu ya UPEK, iliyokuwa kwenye laptopu za kampuni nyingi, ilihifadhi nywila ya Windows ndani ya mfumo kwa usimbaji dhaifu mno. Yaani kuwasha skana kulikuwa kunaidhoofisha mashine! Januari 2018 Lenovo nayo ikatangaza kasoro kwenye programu yake ya alama za vidole ya Windows 7, 8 na 8.1: usimbaji dhaifu na nywila moja iliyopachikwa ndani ya programu yenyewe.

Na BintiSeva, hicho "kielelezo cha hesabu" usikitukuze. Mwaka 2007 Raffaele Cappelli na wenzake walionyesha kwamba kutokana na vielelezo vya kawaida unaweza kujenga upya picha ya alama inayofanana kiasi cha kuidanganya mashine.

BintiSeva

Sikitukuzi, ndiyo maana nimesema kibaki ndani ya chipu. Na hizo mbili ulizotaja zilikuwa programu za watengenezaji zilizobandikwa juu ya Windows za zamani. Tangu Windows 10 ya 2015 njia ni Windows Hello. Kidole hakitunzi tena nywila yako mahali, kinaruhusu ufunguo uliomo kwenye TPM, chipu ya usalama inayotunza funguo za mashine, utumike. Tofauti ni kubwa.

Nikujibu na gundi yako. Mwaka 2020 watafiti wa Cisco Talos, kwa bajeti ya dola 2,000, walitengeneza vidole bandia kwa kutumia printa ya 3D. Simu nyingi zilidanganyika. Laptopu za Windows 10 walizojaribu hazikukubali hata mara moja. Wenyewe wakaonya kwamba mwenye pesa na muda zaidi angeweza kufika mbali kuliko wao, na iliwachukua miezi ya kusumbuka na vipimo, maana kidole bandia kikizidi au kupungua ukubwa kidogo tu hakifanyi kazi. Hebu tuwe wakweli, mwizi wa laptopu ana miezi?

Jongoo_wa_Linux

Kwa sisi wa Linux: fprintd, programu ya kuingia kwa kidole, ipo na inafanya kazi vizuri kama skana yako iko kwenye orodha ya libfprint, maktaba ya programu inayoisemesha skana. Angalia orodha hiyo kabla ya kununua mashine, usije ukapata skana ambayo ni pambo.

Kuna jambo huwachanganya wengi. Ukiingia kwa kidole kwenye GNOME, ile sura ya skrini ya Linux, muda si mrefu linatokea dirisha linalodai nywila ili kufungua hifadhi ya funguo zako. Watu wanadhani ni hitilafu. Si hitilafu. Hifadhi ile imesimbwa kwa nywila yako, na kidole hakitoi nywila, kinatoa "ndiyo" tu. Huwezi kufungua usimbaji kwa neno ndiyo. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini nywila haiondoki duniani.

Mimi natumia kidole kwa sudo (amri za msimamizi) na kwenye skrini iliyojifunga, basi. Kuwasha mashine ni kwa maneno marefu ya siri.

Mzee_Kificho

Vijana mmesahau upande wa mtu mwenyewe kulazimishwa.

Mwaka 2005 kule Malaysia wezi wa gari lililofungwa kwa alama ya kidole walimkata mwenye gari kidole waondoke nacho. Mwaka 2016 huko Arkansas, Marekani, mtoto wa miaka 6 alikichukua kidole gumba cha mama yake aliyelala, akafungua simu na kununua midoli. Mtu aliyelala hawezi kutaja nywila, ila kidole chake kiko hapo.

Na mahakama. Huko huko Marekani, mahakama moja ya rufaa iliamua mwaka 2024 kwamba polisi kutumia kidole gumba cha mshukiwa kufungua simu hakukuvunja haki yake ya kutojitia hatiani. Mahakama nyingine ya rufaa, Januari 2025, ikasema kinyume. Majaji wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo mwandishi wa habari au wakili asijitegemeze kwenye kidole anapovuka mpaka.

Kidole_Kimoja

Mzee umenitisha kweli. Kwa hiyo nikizima mashine kabisa kabla ya kufika mpakani, kidole bado kinafungua?

Jongoo_wa_Linux

Kwenye Mac, hapana. Ukiwasha upya inadai nywila kwanza. Inaidai pia ukikosea kidole mara tano, au ikipita saa 48 bila kufunguliwa. Kwenye Windows ya kawaida, ndiyo: chipu ya TPM inafungua diski yenyewe, inakuletea skrini ya kuingia, unagusa, umeingia. Wengi hawajui tofauti hiyo.

Fundi_Waya

Na ndiyo maana BitLocker, kifungio cha diski cha Windows, ina chaguo la kudai PIN kabla hata Windows haijapanda. Kwenye matoleo ya Pro unaliwasha kupitia sera za mfumo. Mashine iliyozimwa namna hiyo, mwizi akae nayo na Raspberry Pi yake, hafiki hata kwenye skrini ya kuingia ya Windows.

BintiSeva

Kidole_Kimoja, hukutaka "inategemea", haya basi. Iache skana iwashwe. Kwa kazi yako adui wa kila siku ni jicho la aliye nyuma yako, barua pepe ya kitapeli, na laptopu kuachwa wazi kwa sababu kuandika nywila kila mara kunachosha. Skana inakusaidia kwenye yote matatu. Weka mashine ijifunge baada ya dakika moja au mbili, maana sasa kuifungua hakukugharimu kitu.

Ila leo leo badilisha PIN yako. Kwenye sehemu ya kuweka PIN kuna kisanduku cha kuruhusu herufi na alama, kiteue, uweke kitu kirefu. Hutakiandika mara nyingi, kwa hiyo urefu si adhabu. Kiandike mara moja kwa wiki kwa makusudi usije ukakisahau. Washa BitLocker na PIN ya kuanzia kama Fundi alivyosema, kwa kuwa una mafaili ya watu. Na kama mashine yako ina Enhanced Sign-in Security, iwashe. Hiyo inadai skana inayolinganisha ndani ya chipu na yenye cheti cha kuthibitisha kwamba ni halali, ndiyo inayoziba tundu la skana bandia kama lile la kibodi ya Surface alilolisimulia Fundi.

Kwenye mtandao, tovuti zinazokubali funguo za siri badala ya nywila, tumia kidole bila wasiwasi. Tovuti haipati kidole chako, inapata saini iliyotolewa na mashine yako.

Mchokonozi

Nakubali kwa mtu wa kawaida. Mwandishi wa habari za uchunguzi bado namwambia azime. Na kompyuta za pamoja, mfano maabara ya chuo, msijaribu kabisa: kila mtu atalazimika kusajili kidole kwenye kila mashine, na nafasi za alama ndani ya chipu zina kikomo.

Ngozi_Kavu

Kidole cha pete cha kushoto kimekubali jioni hii. Asante BintiSeva.

Kidole_Kimoja

Wakuu nimeelewa, PIN nimebadilisha tayari. La mwisho: ile laptopu yangu ya zamani nayo ilikuwa na skana, na nataka kuiuza. Nikifuta diski nzima na alama zimefutika?

Fundi_Waya

Si lazima. Kama skana yake inahifadhi ndani ya chipu, kufuta diski hakuigusi. Kabla ya kufuta, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya njia za kuingia, uondoe vidole vyote. Kama ni ThinkPad, ingia pia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza), upande wa usalama, kuna sehemu ya kufuta data za alama za vidole. Fanya vyote viwili, ndipo ufute diski. Kama diski umeshaifuta tayari, pitia BIOS, kama ina sehemu hiyo.